Kila Mtu Alitazama Goti

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelichukua kwenye shelfu la chumba cha dobi, kati ya vitu ambavyo msimamizi wetu huviagiza na kuvisahau. Kazini siruhusiwi kupandisha sauti. Nyumbani mama mkwe yuko chumba cha pili na masikio yake hayajazeeka hata kidogo. Kwa hiyo nitakasirika humu.

Mimi ni mfuaji wa hospitali. Huu ni mwaka wa tisa nafua mashuka, mapazia na makoti meupe ya madaktari. Leo nilimpeleka binti yangu kwa mmoja wa wenye makoti hayo. Ana miaka sita. Tunamwita Kiroboto, kwa sababu tangu alipojua kusimama hakujisumbua kutembea, yeye ni kuruka tu: kitandani, ngazini, mgongoni kwa baba yake. Sasa ni wiki ya tatu anachechemea. Akiamka anaburuta mguu wa kulia, mchana unatulia, jioni unarudi. Ukimuuliza wapi panauma, anashika goti.

Tulimpata yule ambaye sisi wa dobi tunamwita Dakika Mbili. Mgonjwa huingia kwake na kutoka hata kiti hakijapata joto. Alibonyeza goti, akalikunja, akalikunjua.

"Linauma?"

"Haliumi," Kiroboto akasema.

"Mama, mtoto anakua. Ni maumivu ya kukua. Mpe dawa hii asubuhi na jioni. Anayefuata!"

Nimemzaa mimi, nimemwona akikua kila siku. Hajawahi kukua kwa mguu mmoja.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Mashuka hayakauki.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mashine ya kukausha imeharibika, tumeanika hadi kwenye korido, na wagonjwa wanapita wakiinama kama wanaingia pangoni.

Saa saba nikaitwa shuleni. Mwalimu wa michezo anasema binti yangu ni mvivu. Wenzake wanakimbia, yeye anakaa chini. Kwa hiyo amempigisha magoti mbele ya darasa ajifunze.

"Amekuambia goti linamuuma?" nikamuuliza.

"Ameniambia. Lakini mama, jana wakati wa mapumziko nimemwona akiruka kamba. Ikifika saa yangu ndipo goti linauma? Hawa watoto wa siku hizi ni waigizaji, usimwone hivi."

"Na dawa ya mtoto anayelalamika goti ni kumpigisha goti hilohilo?"

Mwalimu alitazama saa yake. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikayameza, kwa sababu mtoto atabaki naye mimi nikiondoka.

Sasa nitaandika kitu ambacho sitaki kukiandika. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimelowa, nimechelewa kazini, na lile neno la kuruka kamba lilikuwa limeniingia. Kiroboto alikuwa nyuma yangu anaburuta mguu. Nikageuka, nikamshika mkono, nikamvuta. "Tembea vizuri! Acha maigizo, watu wanatutazama!"

Akatembea vizuri. Mtaa mzima, kuanzia dukani kwa fundi baiskeli mpaka mlangoni kwetu, alitembea ameuma meno, hakuchechemea hata hatua moja. Na mimi, mama yake, nikajisemea: kumbe anaweza.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi hakuweza kushuka kitandani. Baba yake akambeba.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe alikuwa anamwogesha Kiroboto, akaniita. "Njoo utazame. Paja moja limekonda."

Nilikuwa nambadilisha nguo mdogo wake, ana miezi mitano, mikono yangu imejaa. Nikamjibu bila kugeuka, "Mama, usinitafutie magonjwa mengine. Hili moja linanitosha."

Alinyamaza. Mama mkwe wangu akinyamaza unamsikia nyumba nzima. Miaka minane tunaishi pamoja, na siku zote naona kama ananihesabia makosa. Chumvi, nguo, sauti yangu, namna ninavyombeba mtoto. Leo paja.

Baadaye, walipolala wote mchana, nilichukua uzi nikampima Kiroboto mapaja yote mawili. Uzi wa kushoto ulizidi wa kulia kwa upana wa kidole.

Sikumwambia mama mkwe.

Alhamisi, 20 Machi

Dakika Mbili tena. Safari hii nilikwenda na ule uzi. Akautazama kama nimemletea hirizi.

"Unampima mtoto kwa uzi?"

"Mguu mmoja umekonda, daktari."

Akaagiza picha ya goti. Tukangoja kwa saa nne kwenye benchi. Picha ikarudi, akaiinua dirishani. "Goti zuri kuliko langu," akasema, akacheka peke yake. Kisha akauliza, "Kuna mtoto mwingine mdogo nyumbani?"

"Yupo. Miezi mitano."

"Basi jibu hilo hapo. Alikuwa mtoto wa pekee, sasa kaja mwingine kapokonywa mapaja ya mama. Anadeka. Mpe muda, mpe mapenzi, atatembea."

Mapenzi! Ningekuwa na ujasiri ningemuuliza anayapima kwa nini, kwa vile uzi haufai. Lakini nilisema, "Asante, daktari." Nilisema asante! Kisha nikashuka chini, nikakuta koti lake ndilo la kwanza kwenye rundo, na kahawa kifuani. Nimelifua. Nimelipiga pasi mpaka kola imesimama. Ndiyo kazi yangu, na yeye anayo yake.

Mume wangu anapaka rangi nyumba za watu, na anataka kila kitu kiwe shwari kama ukuta aliomaliza jana. Nilimweleza yote. Akasema, "Tungoje kidogo, mke wangu. Daktari kasema."

"Tungoje nini?"

"Tungoje tu."

Nilimpa mgongo. Mtu huyu anamnyanyua mtoto kila asubuhi, anamweka mabegani, anampeleka shule akimwimbia, ili asione anavyotembea. Anangoja kwa kufumba macho.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Kachechemea.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Kachechemea. Mdogo wake ana mafua.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Nimeulizwa na wanawake watatu kwenye foleni ya maji: mtoto wako kafanya nini mguu? Wa nne hakuuliza, alimwambia mwenzake tu, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba mama zetu walikuwa wanawakanda watoto, siku hizi tunawaachia dada wa kazi. Sina dada wa kazi. Nina ndoo mbili na midomo ya watu.

Jumamosi, 29 Machi

Nilitoka kazini saa nane. Nilimsikia kabla sijafika mlangoni. Si kilio cha kudeka. Nimesikia vilio vingi vikitoka wodini kupitia ule mlango wa kupeleka nguo chafu, najua kilio gani kinatoka wapi.

Kiroboto alikuwa sakafuni, amekunja mguu wa kulia kidogo na kuuacha uangukie nje, na hataki mtu auguse. Mama mkwe amekaa kando yake, mtoto mdogo mgongoni, uso umemshuka. Alikuwa amempeleka kwa mkandaji, mtaa wa pili. Yule mwanamume amemkanda, kisha akauvuta mguu "kuurudisha". Tangu hapo haukanyagi.

Nikasema maneno. Nitayaandika, kwa kuwa nimeshayasema. "Umemvunja mwanangu. Miaka minane unanitafuta makosa, leo umenipatia lako. Nani alikutuma? Mtoto ni wako?"

Mume wangu alikuwa amefika mlangoni na ndoo zake za rangi. "Mama Kiroboto, taratibu..."

"Wewe ngoja!" nikamwambia. "Si ndiyo kazi yako?"

Mama mkwe alimfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi baba yake. Kisha akainuka, kwa namna yake ile ya kushika ukuta na kujisukuma upande, ambayo mimi siku zote nimeiona kuwa uzee. Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye nyonga yake, juu ya kanga.

"Shika. Usiogope. Bonyeza."

Nikabonyeza. Akatembea hatua mbili. Chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu kinachosaga, kama mlango uliotoka kwenye bawaba.

"Nilikuwa na miaka saba," akasema. "Nilianza kuchechemea hivihivi. Nilisema goti. Goti, goti, goti. Wakalipaka dawa, wakalifunga majani. Baba akasema ni mvivu wa kuteka maji, akanipa ndoo ya watu wazima. Akanichapa. Lakini lilikuwa goti? Goti ndilo lililolia tu. Kinachouma kiko huku juu. Nimekaa nacho miaka hamsini na tano, nitashindwa kukijua?"

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Nilisema paja limekonda. Ulinisikiliza?"

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kumpeleka kule nimekosea," akasema. "Nilimwambia yule mtu amguse juu, nyonga. Hakuna aliyewahi kumgusa juu. Sikujua atavuta. Nimekosea, mwanangu."

Nina hasira bado. Namkasirikia yeye. Namkasirikia mkandaji, mwalimu, na yule mwenye koti la kahawa. Lakini ninaporudi nyuma na kuhesabu, katika nyumba hii na katika hospitali ile nzima, ni mtu mmoja tu aliyemvua mtoto nguo akamtazama.

Jumatatu, 31 Machi

Nimechoka lakini hili lazima niliandike lote.

Jana tulikwenda zamu ya dharura, muuguzi akampa sindano ya maumivu na kusema turudi leo kwa daktari. Leo asubuhi baba yake alimbeba mgongoni mpaka mlango wa hospitali, akawahi kazini. Nikatafuta kiti cha magurudumu. Vipo viwili: kimoja hakina tairi, kingine kiko ofisini kwa mhasibu, kawekea mafaili. Basi nikashuka dobi, nikachukua toroli la mashuka, nikatandika mashuka sita safi, nikamweka Kiroboto juu. Nikapanda naye kwa lifti ya nguo chafu.

"Mama, mimi ni shuka?" akaniuliza.

"Wewe ni koti la daktari mkuu," nikamwambia. Alicheka kidogo, kisha toroli likaruka kizingiti, akalia.

Foleni ya Dakika Mbili ilikuwa imefika ngazini. Sikupanga foleni. Najua si vizuri, na watu walinisema, na wana haki. Nilisukuma mlango kwa toroli.

"Mama, huwezi kuingia hivyo!"

"Nimeshaingia. Naomba picha ya nyonga."

"Ya nini?"

"Ya nyonga, daktari. Goti umeliona zuri kuliko lako. Sasa tazama juu."

Akaweka kalamu chini. "Sikiliza, mama. Wewe ni mfuaji. Mimi sikufundishi kufua. Usinifundishe udaktari."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Mimi nikifua shuka nikaliacha na doa, linarudishwa! Linarudishwa na karatasi, na jina langu juu, na nalifua tena! Miaka tisa nafua damu na matapishi ya hospitali hii, hakuna doa nililolipa dawa ya maumivu nikaliambia linakua! Mtoto huyu nimekuletea mara tatu. Mara tatu! Hujamvua hata suruali!"

Dakika Mbili alikuwa mwekundu wa macho, akanyanyua simu kuita mlinzi.

Mlinzi hakuwa wa kwanza kufika. Alifika mama wa mazoezi ya viungo, yule anayekuja dobi kila asubuhi kuchukua taulo zake na kunigombeza kwamba zimekauka kama ubao. Chumba chake ni cha jirani, na kelele zangu zilimfikia. Aliingia na taulo begani. Hakuuliza nani ana makosa. Alimtazama Kiroboto, namna mguu ulivyolala umegeukia nje, akasema, "Daktari, niruhusu dakika moja."

Akamlaza kitandani. Akamshika mguu wa kushoto, ule mzima, akaukunja, akauzungusha nje na ndani. Ukazunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Kisha wa kulia, polepole, huku anamsimulia habari za paka wake. Mguu ulikwenda kidogo, ukakwama. Kiroboto akapiga ukelele, akamshika mama yule nywele.

"Hili si goti," akasema, bado nywele ziko mikononi mwa mwanangu. "Picha ya nyonga. Zote mbili. Sasa hivi, si kesho."

Dakika Mbili aliandika.

Nimeiona picha. Mimi si msomi lakini nimeona. Upande wa kushoto kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, kimekaa kwenye kikombe chake. Upande wa kulia kimebonyea juu, kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Mama wa viungo alinieleza kwenye benchi, taratibu. Kuna wakati damu inakatika kufika kwenye kichwa cha mfupa, hakuna ajuaye kwa nini. Mfupa unakufa, unalainika, kisha unaanza kujijenga upya wenyewe. Inachukua miaka miwili, hata mitatu. Hatuwezi kuuharakisha. Tunachoweza ni kuuweka ndani ya kikombe ili ukijijenga, ujijenge mviringo. Ukiachwa ukikanyagiwa, unajijenga bapa, na hapo mtu anachechemea mpaka kaburini.

"Kukimbia?" nikauliza.

"Hapana."

"Kuruka?"

"Hapana, dada. Kwa muda mrefu, hapana."

Kiroboto alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa nafikiria mtaa ule, kuanzia kwa fundi baiskeli mpaka mlangoni. Kila hatua aliyoitembea vizuri.

Jumanne, 1 Aprili

Nimepewa barua ya onyo. "Kutumia vibaya toroli la idara." Msimamizi alinipa nisaini. Nimesaini, na chini nimeandika: mashuka sita yalifuliwa tena, hakuna doa lililobaki.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari wa mifupa huja mara moja kwa mwezi. Ni mzee wa maneno machache. Aliitazama picha muda mrefu kuliko Dakika Mbili alivyowahi kututazama sisi. Akasema ni mapema kiasi, bado kuna nafasi. Kiasi. Nafasi. Nimekaa nayazungusha maneno hayo mdomoni siku nzima.

Wamemwekea plasta miguu yote miwili, kutoka mapajani mpaka vifundoni, miguu imetanuliwa, na fimbo imefungwa katikati isikutane. Wiki sita. Akiketi anaonekana kama bikari, ile ya kuchorea duara.

Jumatano, 9 Aprili

Haingii mlango wa choo. Tumepima, tumemgeuza, tumemwinamisha. Fimbo ni pana kuliko mlango.

Mume wangu alisimama anautazama mlango. Nilikuwa na neno la "tungoje" tayari ulimini nimrudishie. Akatoka, akarudi na nyundo na msumeno, akang'oa fremu yote, mbao na misumari, na tofali mbili za upande. Vumbi lilijaa nyumba. Mwenye nyumba alikuja anafoka. Mume wangu, yule mtu wa shwari, alimtazama na nyundo mkononi akasema, "Ukimaliza kufoka, nishikie huu upande."

Akamshikia.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kageuzwa kila saa mbili. Mama mkwe anaandika saa kwa makaa ukutani.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Kuwasha ndani ya plasta. Mwalimu wa michezo alipita na biskuti. Akasema, "Sikujua, mama." Nikasema, "Hukuuliza." Biskuti nilizipokea. Mtoto hana ugomvi na biskuti.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Kiroboto mtulivu mno. Kila mtu anamsifu. "Mtoto mvumilivu!" Halalamiki, haombi. Namuuliza kila nikirudi, "Unaumwa?" "Siumwi, mama."

Ijumaa, 2 Mei

Harufu.

Niliijua mara moja, nafua mashuka ya wodi ya upasuaji. Asubuhi nilipoinama kumbusu niliisikia ikitoka nyuma ya plasta, kwenye kifundo cha kulia. Nikamgeuza. Ukingo wa plasta ulikuwa umelowa rangi ya chai.

Baba yake alimbeba, tukakimbia kwenye mvua na mfuko wa nailoni juu ya miguu yake. Fundi wa plasta akakata dirisha dogo. Ndani kulikuwa na kidonda upana wa kijiko, cheupe katikati. Plasta ilikuwa inamkwangua. Kwa siku ngapi? Fundi akasema, "Si chini ya wiki, mama. Hakusema? Hii inauma sana."

Wiki nzima. Nikiuliza kila jioni.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu, "Kwa nini hukusema? Nimekuuliza kila siku! Kwa nini husemi?"

Akajikunja mabega. Kitu pekee kwake kinachoweza kujikunja sasa ni mabega.

"Utakasirika," akasema.

"Nimkasirikie nani?"

"Mguu wangu."

Fundi wa plasta aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta mkasi.

"Nikisema unauma unakasirika," akaendelea, polepole, kama anayemweleza mtoto. "Unagombana na daktari. Unagombana na bibi. Unagombana na baba. Nikisema hauumi, hugombani."

Nilikaa chini, sakafuni, palepale penye unga wa plasta. Miezi miwili nimekuwa nikipigana kwa ajili yake, nikiamini anaona ninapigania nani. Kumbe alichokiona ni mama mwenye uso wa moto anayekuja kila mguu unapotajwa. Kila "haliumi" aliyomwambia Dakika Mbili, alikuwa ananiambia mimi.

Nilimwambia, "Mimi siukasirikii mguu wako. Naupenda kuliko yangu miwili." Hakuniamini. Nilimwona haniamini. Mtoto haambiwi kitu kama hicho mara moja akakibeba.

Jumapili, 4 Mei

Nilimuuliza mama mkwe, tukichambua mboga, "Wewe maumivu yako ulimficha nani?"

"Mama yangu," akasema. "Alikuwa akilia kila akinitazama. Nikaona afadhali nitembee."

Kisha akasema, "Wewe hulii, unafoka. Afadhali. Ila umfundishe na yeye kufoka."

Nilicheka. Nadhani ni mara ya kwanza amenichekesha kwa kukusudia. Au labda amekuwa akijaribu miaka yote minane na mimi nilikuwa nahesabu chumvi.

Jumatatu, 12 Mei

Kidonda kinakauka. Mvua imepungua. Namuuliza kila siku, na akijibu chochote, kiwe kidogo vipi, namwambia asante. Ameniambia kuwa pua inamwasha. Asante. Kwamba mdogo wake ananuka maziwa. Asante.

Jumanne, 20 Mei

Plasta imetoka. Miguu imekuwa miembamba kama mikono, ngozi inabanduka kama gazeti lililolowa. Aliitazama akauliza ya nani.

Picha mpya: kichwa cha mfupa bado kimebonyea, lakini kimekaa ndani ya kikombe. Daktari wa mifupa akasema, "Kimekaa." Kwa yule mzee, hiyo ni hotuba. Magongo mwaka mzima, mazoezi kila siku, picha kila miezi mitatu. Atachechemea ukubwani au hatachechemea, hakuna anayeniahidi. Nilitaka kukasirika tena, nikatafuta wa kumkasirikia, sikumpata.

Jumatano, 28 Mei

Mama wa viungo anamtesa. Mimi nasimama nje nakunja taulo zake. Zimekuwa laini siku hizi.

Jumanne, 3 Juni

Jua. Mashuka yamekauka kabla sijamaliza kuanika.

Tulikuwa tunatoka mazoezini, mimi na Kiroboto na magongo yake, tunapita korido ya juu. Foleni ya Dakika Mbili ilikuwa imejaa benchi. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni anaita anayefuata. Tangu siku ya toroli hatujasemezana. Makoti yake nafua, salamu hapana. Alituona, akasita, kisha akavaa ile sauti wanayoiweka kwa watoto.

"Hee, mrembo wetu! Sasa mguu hauumi tena, eh?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Ilinigharimu, nakuapia, daftari.

Kiroboto alisimama. Nilimwona anavuta pumzi, mabega yanapanda mpaka masikioni. Kisha akapiga gongo sakafuni, kwa nguvu zake zote.

"Unauma!" Korido yote iligeuka. "Unauma, unauma! Unauma asubuhi na unauma nikifanya mazoezi! Wewe husikii! Uliangalia goti! Na magongo yananiuma makwapa, na nataka kukimbia, na nimechoka!"

Na machozi, na makamasi, na gongo likiendelea kupiga sakafu. Bibi mmoja kwenye benchi akasema, "Mtoto huyu hana adabu." Sikugeuka.

Dakika Mbili alikuwa na faili la mtu mkononi. Alilitazama. Akaliweka chini ukingoni mwa dirisha. Kisha akapiga magoti, koti langu jeupe nililolipiga pasi jana likagusa sakafu, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mwanangu.

"Sikuangalia vizuri," akasema. Sauti ilikuwa yake ya kawaida sasa. "Nionyeshe unapouma."

Kiroboto akafuta pua kwa mkono. Hakunitazama mimi. Aliuchukua mkono wa daktari, akauweka kwenye nyonga, akausogeza kidogo nyuma, akausogeza tena, hapana si hapo, hapa. Akaanza kumweleza, tangu mwanzo.

Foleni ikaanza kunung'unika. Mwanamume mmoja akaniambia, "Mama, sisi tumekuja tangu asubuhi."

"Subiri," nikamwambia. "Mtoto anaongea."